Mwakilishi wa Mgeni Rasmi

Jumatatu, 7 Julai 2025

Kikao cha kamati. Nimekwenda na koti la suti, tai na kalamu mbili. Baridi ya leo inakata masikio, lakini sikuvaa sweta. Sweta linafunika tai.

Zimebaki siku kumi na mbili. Darasa letu linatimiza miaka arobaini tangu tumalize chuo cha ualimu hapa Sumbawanga. Tutakusanyika Jumamosi tarehe 19 kwenye bwalo la chuo, Jumapili kila mtu kanisani kwake, halafu kuagana. Walimu wastaafu arobaini na mmoja wamethibitisha. Wengine wanakuja na fimbo, na safari hii si za kuchapia.

Mwenyekiti ni Lutengano. Nani mwingine? Alikuwa kiranja mkuu, na mpaka leo anatembea kama ana filimbi mfukoni. Mimi nilikuwa kiranja msaidizi wa kuni. Ndiyo, msaidizi. Leo ameniuliza mbele ya kamati nzima kama nitasimamia kuni za kupikia. Wamecheka wote. Na mimi nimecheka, kwa nidhamu.

Basi naandika hapa, asome nani sijui. Nataka mara moja tu kabla sijafa, mshereheshaji atangaze mgeni rasmi, bwalo zima lisimame, na anayeingia niwe mimi Gaudensi. Hilo la kwanza.

La pili ni jepesi: nikae na Yohanes. Chuoni tulilala kitanda kimoja cha dabo deka, yeye chini, mimi juu. Nilipougua malaria alinipa blanketi lake, yeye akajifunika koti la mvua wiki nzima. Alipangiwa kazi Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, akaoa hukohuko, akanunua ng'ombe, basi. Mara ya mwisho tulionana msibani mwaka 2003, dakika tano. Anakuja!

Jumatano, 9 Julai

Nimepata! Nilikuwa naoga, maji ya moto yameisha, na wazo likaja palepale kwenye baridi.

Miaka thelathini na sita nimefundisha. Mahafali, uzinduzi wa choo, siku ya kupanda miti, yote nimehudhuria. Ni lini mgeni rasmi alikuja mwenyewe? Huwa ana udhuru. Anatuma mwakilishi. Na mwakilishi anapewa nini? Kiti kilekile, ua lilelile, maji ya chupa yaleyale! Kwa hiyo sihitaji kuwa mgeni rasmi. Nahitaji mgeni rasmi asiyekuja.

Mke wangu Cornelia ameuliza ninachekea nini bafuni peke yangu. Nimemweleza. Amesema Baba Rose, utaumbuka. Kisha akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa, 11 Julai

Siku njema kabisa. Nimeiambia kamati kwamba mgeni rasmi amepatikana, ni mtu mzito, na itifaki hainiruhusu kumtaja. Hata Lutengano aliacha kugonga meza na kalamu.

Leonia, katibu wetu, hawezi kuvumilia siri. Akauliza kama ni Zenon. Huyo ni mwenzetu wa darasa hilihili aliyepanda mpaka akawa mkurugenzi wizarani, Dodoma. Miaka mingi hakuna mwenye namba yake. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilikohoa.

Kikohozi kimepokelewa kama ndiyo. Lutengano amesimama akanipa mkono. Mikono yote miwili! Kiranja mkuu mzima! Kuhusu kuni hakuuliza tena.

Jumapili, 13 Julai

Wamezidisha. Mawe yote ya njia ya kuingilia chuoni yamepakwa chokaa. Wenzetu wa kike wanaoishi Mwimbi wametunga wimbo wenye jina la Zenon mara kumi na nne. Nimehesabu. Risala ya Lutengano ina kurasa tisa na changamoto kumi na mbili, kuanzia paa la bwalo mpaka ukosefu wa chaki za rangi. Nimepewa nihakiki. Nimeweka alama nyekundu nyingi kuliko zilizohitajika.

Ila nimeshinda jambo kubwa. Lutengano alitaka meza kuu ikae watu watatu: mgeni, yeye na Leonia. Nimesimama kidete. Nimesema mtu mzito hakai kwa kubanana, itifaki inataka meza moja, kitambaa cheupe, kiti kimoja. Lutengano amekubali huku mdomo umemvimba. Kiti chenyewe ni kochi la sebuleni kwa Leonia, pamoja na vitambaa vyake vya kufuma.

Jumanne, 15 Julai

Yohanes kapiga simu. Sauti ileile, nzito, anapiga kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa. Analeta mchele na samaki wakavu. Gari lao linageuza Jumamosi hiyohiyo saa nane na nusu, kwa sababu njia ya kuteremka kwenda bondeni inataka mwanga. Amesema ana jambo la kunieleza, refu, si la kwenye simu. Ameniomba nimwekee kiti karibu na changu.

Nimemwambia hakuna shida. Sikumwambia changu ni kipi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimefanya mazoezi ya uso wa masikitiko mbele ya kioo, wa kutangazia udhuru. Cornelia kapita akasema huo ni uso wa mtu anayeumwa jino. Nimepunguza shavu la kushoto. Sasa uko sawa.

Jumamosi, 19 Julai

Mungu wangu, nianzie wapi?

Saa tatu bwalo limejaa. Mvi tupu, na kelele za darasa la tatu lisilo na mwalimu. Yohanes! Nimemjua kwa mwendo. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, lakini mkono wake bado unaponda vidole. Tumekumbatiana mpaka miwani yangu ikaanguka. Akaanza kunieleza lile jambo. Nikamwambia angoje kidogo, nina jukumu la kitaifa. Nilisema kitaifa. Sijui kwa nini.

Saa nne nimepanda jukwaani na ule uso. Nikatangaza kwamba Mheshimiwa Zenon amepata udhuru wa ghafla, anawasalimu sana, na amenipa mimi dhamana ya kumwakilisha. Kwanza wakaguna. Kisha makofi! Kina mama wa Mwimbi wakabadilisha jina palepale, na Gaudensi likakaa kwenye ule wimbo vizuri kuliko Zenon. Mshereheshaji akatamka lile neno, mgeni rasmi. Bwalo zima likasimama. Wote! Lutengano naye! Mungu angenichukua dakika ile nisingelalamika.

Hakunichukua. Benchi la nyuma mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akanyoosha kidole. Nilidhani ni mume wa mwenzetu fulani. Nikamruhusu kuzungumza, kwa ukarimu. Akasimama, akasema yeye ndiye Zenon, akauliza kama na yeye anaruhusiwa kutoa salamu.

Jamani!

Kumbe Leonia, mwanamke asiyetulia, aliitafuta namba ya binti wa Zenon na kupitia kwake akamtumia mzee kadi ya mwaliko. Kumbe Zenon amestaafu, amepungua nusu, amekuja na basi kama mtu yeyote, akaingia na kukaa. Lutengano aligeuka akanitazama kwa lile jicho lake la kiranja. Nilitafuta mlango. Ulikuwa mbali, na kina mama walikuwa wameuziba kwa vigelegele.

Zenon alicheka mpaka akashika benchi. Akasema ni kweli ana udhuru. Miaka ishirini na mbili amekula meza kuu, na kila walipocheka kule chini hakuwahi kuambiwa wanacheka nini. Hakutoka Dodoma ili aje apande tena kule juu. Amekuja kukaa kwenye benchi na watu. Mwakilishi aendelee na kazi, anamteua sasa hivi, mbele ya wote.

Nimeteuliwa! Rasmi! Kwa hiyo sikusema uongo, nilitangulia tu.

Lutengano akanipeleka mezani mwenyewe, kwa adabu iliyozidi, akasogeza kochi la Leonia, akaniinamia. Nadhani alikuwa anatabasamu. Kisha akasoma kurasa zote tisa. Nilijibu kwamba changamoto kumi na mbili nimezipokea na nitazifikisha kwa mhusika. Mhusika alikuwa pale chini, ameshika paja la kuku.

Chakula. Mimi nimepakuliwa mezani: ugali wa ulezi, samaki wa Yohanes, kuku mzima peke yangu. Kule chini wamesogeza mabenchi, wamezunguka Zenon na Yohanes, wanakula sinia moja watu sita. Wanacheka. Wanapigana mabega. Mara nikasikia jina langu na neno kuni, Yohanes anasimulia kwa mikono yote, Leonia anafuta macho. Nikatega sikio, sikupata kitu, bwalo lina mwangwi. Ghafla makofi makubwa. Nikainua mkono kwa hadhi, iwapo yananihusu.

Yohanes aliniita kwa mkono. Mara ya kwanza, mara ya pili. Alikuwa ameweka koti lake juu ya kiti cha pembeni yake, na kila aliyetaka kukaa alimfukuza. Nilitamani kushuka. Naandika ukweli, nilitamani mpaka kuku akanikwama. Lakini mgeni rasmi hajitoi mezani mwenyewe, husindikizwa. Nikamsubiri Lutengano aje kunisindikiza. Lutengano alikuwa anacheza, tai ameifunga kichwani.

Saa nane na nusu honi ikalia nje. Yohanes akaja mpaka mbele ya meza, akanipa mkono juu ya maua ya plastiki. Akasema gari linaondoka, na lile jambo ni refu, basi tena, siku nyingine. Alisimama kidogo, nadhani alitaka nizunguke meza. Mimi nikamwambia nimepokea, na tutalifanyia kazi.

Nimepokea! Kumwambia Yohanes!

Akacheka, akaondoka. Kiti kilibaki kitupu mpaka sherehe ilipokwisha. Mimi nilishuka saa kumi na moja, Leonia alipokuja kudai kochi lake.

Jumapili, 20 Julai

Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia, kichwa hakikuwepo.

Cornelia alikaa jana pale chini pamoja nao, kwa hiyo amesikia yote. Nimemuuliza, kijuujuu tu, yale makofi yalikuwa ya nini. Akaacha kumenya viazi. Akasema Yohanes aliwasimulia ile wiki ya mitihani ya mwisho, mvua zilipolowesha kuni zote na mpishi akatangaza hakuna chakula. Eti mimi niliondoka usiku wa manane kwa miguu bila kumwambia mtu, nikabeba mzigo wa kuni kavu kichwani kutoka kijiji cha nje ya mji, kurudi mpaka chuoni, chuo kizima kikanywa uji na kuingia kwenye mtihani. Eti hakuna aliyewahi kunishukuru. Ndipo Zenon akasimama, Lutengano akasimama, na wengine wote, wakapiga makofi wakielekea mezani kwangu.

Nilikuwa nimesahau kabisa zile kuni. Wenzangu walisimama kwa ajili yangu, na mimi nikawapungia kama napita kwenye gari. Nimetoka nje nikakaa karibu na banda la kuku. Upepo ulikuwa mkali, macho yakatoa machozi. Upepo huo ni wa kila siku, lakini leo haukuwa upepo.

Jumatatu, 21 Julai

Cornelia ameongea asubuhi, na safari hii nimemsikiliza mpaka mwisho. Anasema nipande gari la Mtowisa, nikae na Yohanes kwenye mkeka, nile wali wake, nimwache amalize hilo jambo lake refu. Anasema sisi si vijana, na dakika tano kila baada ya miaka ishirini hazitoshi. Anasema kweli. Kweli kabisa! Nimemwambia hivyo hivyo, mpaka akanishika paji la uso kuangalia homa.

Nimempigia Yohanes papo hapo. Nimemwambia samahani. Nimemwambia nakuja Jumamosi hii, siku nzima, nalala, na sina haraka. Alifurahi sana, akanipigia kelele za furaha mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akauliza aniandalie nini. Nimemwambia asihangaike, mimi na yeye ni ndugu. Wazee wachache tu wanipokee pale gari linaposimama, na wimbo mfupi, kama kina mama watakuwa na nafasi. Halafu meza, kitambaa cheupe, na kiti kimoja.