Nilijificha Vizuri, Hawakunitafuta

Jumanne, 12 Agosti

Gitaa ametoroka! Ndiye kijana tuliyekuja naye ugenini kujitolea katika kituo hiki cha watoto. Jina la utani kalipata kwa ala asiyojua kuipiga. Nilimwona kupitia dirisha la stoo. Watoto walikuwa wameelekea ukutani, wameziba macho, wakipaza sauti, "Tayari?" Naye, "Bado!", huku ananyata kwenda getini, begi mgongoni. "Bado!" Yuko nje. "Bado!" Hafifu, kule kwenye kona. Kisha kimya. Watoto wakageuka, wakaenda kula. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyemtafuta!

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimekagua stoo. Hakuna kilichopungua. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Jumatano, 13 Agosti

Ijumaa ni zamu yangu kuondoka. Nimewafundisha watoto hawa kufunga kamba za viatu. Nimegongelea misumari kila kiti kilichoyumba. Nataka kitu kimoja tu: walie. Si lazima wote. Kiroboto peke yake anatosha, yule binti mdogo kuliko wenzake, anayening'inia kwenye suruali yangu tangu asubuhi.

Mpango: nikaomba kumenya vitunguu mlangoni mwa darasa. Mpishi alishangaa, maana jikoni hunifukuza kama paka. Niliyelia ni mimi. Kiroboto akanifuta uso kwa sketi yake. "Pole, Babu Kufuli, nani kakuchapa?" Macho yake makavu kabisa! Huyu kafunzwa.

(Babu Kufuli ndiye mimi. Eti nakagua sana milango. Nimestaafu utunzaji wa stoo, sikustaafu akili.)

Alhamisi, 14 Agosti

Nikamwuliza Mama Mlezi, mkuu wa kituo, nitaagwaje. Akasema hapa watu hawaagani. Kesho watoto wataziba macho, mimi nitakwenda kujificha. Nikauliza nijifiche wapi. Akanitazama kama mtu aliyemwaga maziwa. "Babu jamani. Nje ya geti."

Aha! Kumbe Gitaa hakutoroka, alitoroshwa! Mtu mzima nifukuzwe kwa mchezo wa kitoto? Thubutu! Nitajificha kweli. Tuone nani atanitafuta.

Ijumaa, 15 Agosti

Stoo, nyuma ya magodoro. "Tayari?" Nikajibu, "Bado!", nikavuta mlango. "Tayari?" Nikanyamaza. Nao wakanyamaza.

Nikasikia bomba: wananawa mikono. Nikasikia vijiko. Mpishi anacheka! Hakuna aliyekuja. Hata Kiroboto! Mguu ukafa ganzi, na moyo ukaufuata. Uzalendo ukanishinda, nikapiga kelele: "Tayari!"

Kikombe kikaanguka. Kisha miguu, miguu, miguu. Kiroboto akanirukia shingoni, analia mpaka kamasi. Ushindi!

Haukudumu. Wakaniacha chini palepale, wakaendelea kutafuta. Waligeuza magodoro, wakafungua makabati, wakachungulia hata masufuria. Wanamwita Gitaa. Wanamwita dada aliyewafundisha kuchora. Wanaita watu nisiowajua, walioondoka kabla sijafika.

Mama Mlezi akanivuta pembeni. Akasema kila mgeni anayekuja huondoka, kwa hiyo watoto walijitungia sheria yao: asiyesema "tayari" hajaondoka, bado anatafuta mahali pa kujificha. Ndiyo maana hawamtafuti mtu. "Sasa wewe umesema, wanadhani wote wameshajificha. Hao wengine nitawatoa wapi, Babu?"

Kiroboto alikuwa ndani ya kabati la viatu, anaita.

Nikawakusanya. Nikawaambia stoo ni mahali pa wajinga; wenzangu wana akili, hawawezi kujificha hapo, bado wanazunguka. Nikaomba nirudie. Wakanong'onezana, wakapitisha uamuzi: Babu Kufuli hajui kujificha, apewe nafasi nyingine. Wakaziba macho.

"Tayari?" "Bado!" Mlangoni. "Bado!" Getini. Nikageuka mara moja tu. Kiroboto alikuwa ananitazama kati ya vidole.

Nilijua! Mtoto yule anaiba mchezo.

Niliendelea kuitika "Bado!" hadi kituo cha basi. Muuza magazeti aliyeketi kando yangu akahamia benchi jingine.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumbani. Binti yangu kanikumbatia muda mrefu kupita kiasi. Kuna kitu changu kavunja. Sijavua hata viatu, wajukuu wakakimbilia ukutani, wakaziba macho. "Babu, tayari?"

Yaani ndiyo kwanza nimefika, wameshaanza kunifukuza! Ni nani kawapelekea habari? Mpishi?

Nimeketi juu ya sanduku langu, katikati ya sebule. Sijibu. Sijifichi. Siendi popote.

Mjukuu mdogo amekuja kunishika goti kwa mikono yote miwili. Anapiga kelele nyumba nzima isikie kwamba amenipata.

Anataka nini huyu?