Hamsini na Sita, Wala Sikubali Pungufu

Jumatano, 6 Juni 2001. Rumonge.

Imefika! Modemu mpya imetoka Bujumbura ndani ya gunia la vitunguu na kuzipita bariyeri zote za wanajeshi. Kaporali wa Minago alitia mkono guniani, akachukua vitunguu viwili, akaruhusu. Hivyo ndivyo historia inavyopita mbele ya macho ya watu.

Nieleze, kwa ajili ya vizazi. Modemu ni kijisanduku kinachoifundisha laini ya simu kubeba mtandao. Ile ya zamani ilijigamba kilobiti thelathini na tatu. Kwa laini yetu ilitoa kumi na nne. Picha moja ilifunguka kwa muda wa kuivisha maharagwe. Hii mpya: hamsini na sita! Tena ina ajabu lake. Mtu akikupigia simu nawe uko mtandaoni, modemu yenyewe inakaa kando, inampisha, kisha inaendelea ilipoachia. Kijitabu chake kimeongeza, kwa herufi za sisimizi, kwamba hilo hutegemea kituo cha simu cha mahali. Maneno ya waoga. Sikuyasoma mara ya pili.

Chuo kimefungwa tangu mgomo wa bursa, ile posho ya wanafunzi, ambao niliuongoza kwa hotuba iliyowaliza hata wapishi. Sasa uwanja wangu wa mapambano ni stoo ya Nasser, muuza vitenge, ambaye simu yake inategemewa na nusu ya mtaa. Hapo kitazaliwa kituo cha kwanza cha mtandao katika ufuko huu. Nasser ameuliza kama mashine itawazuia ndugu zake wa Maskati wasimpate. Nimemwonyesha kijitabu. Upande wa herufi kubwa.

Alhamisi, 7 Juni.

Chanceline amepita dukani na habari. Baba yake mkubwa, Mzee Bahizire, mfanyabiashara ambaye ndiye mwenye kauli tangu baba yake mzazi afariki, atajibu posa yangu Jumapili baada ya misa. Ilimpasa aje mwenyewe na wazee kutoka Bujumbura, lakini barabara ya ziwa imefungwa tena, na msafara wa mwisho ulirudishwa njiani. Kwa hiyo atapiga simu kwa Nasser. Ukoo utaizunguka simu, nami nitatoa fanta.

Lakini desturi yao ni mwamba: mposaji hakai mahali kesi yake inaposemwa. Mama Chanceline ameamua nifungiwe stoo. Stoo! Chumba cha modemu! Nani asiyeiona ishara hii?

Chanceline hakuiona. Amenitazama sana, akasema: "Cikuru, Jumapili usiguse ile mashine. Mikono ikikuwasha, uikalie." Nimeguswa na jinsi anavyojali mapumziko yangu.

Doa la siku: Bienfait. Muuza mawese, jirani wa nyuma ya ukuta, mwenye simu ya pili ya mtaa, na, aibu iliyoje, mposaji wa pili. Alisimamisha pikipiki mlangoni akapaza sauti mbele ya wateja: "Injenyeri! Hiyo kitu yako inalia kama mbuzi ya Idi. Imeshajua kukaanga ndagala?" Nilimjibu kwa hotuba. Aliondoka katikati. Pikipiki ni kimbilio la wasio na hoja.

Ijumaa, 8 Juni.

Jaribio la kwanza. Ishirini na nane! Ni mara mbili ya zamani, lakini ni nusu ya ahadi, na mimi sikulelewa kukubali nusu.

Mlio ulimfikia Mama Kulthumu, mama yake Nasser, akamwita kaporali wa doria ya mtaa. Kaporali aliingia akitafuta fonie, redio ya waasi. Aliutegea sikio mluzi ule, akauliza ninaongea na nani huko porini. Nilimfafanulia maendeleo ya mawasiliano tangu ngoma hadi leo. Akauliza kama matokeo ya mpira yamo humo. Yamo, nilisema. Bao moja likajitokeza polepole, kisha risasi zikalia kwenye kilima cha Kizuka na laini ikakatika. Kaporali ameondoka akiamini mechi ingali inaendelea.

Nimeligundua tatizo. Watengenezaji wametoa programu ya kuinoa modemu hii, sharti niipakue. Ni nzito, inahitaji laini tulivu, na laini hutulia Jumapili alasiri, ofisi zikilala. Mzee Bahizire akipiga, modemu itampisha. Mke na hamsini na sita, katika alasiri moja!

Jumapili, 10 Juni. Stoo.

Naandika juu ya bunda la vitenge. Wamefika: Mama Chanceline na mashangazi wote. Nasikia vizibo vya fanta vikiruka. Mlango umefungwa nyuma yangu. Mikono niliikalia, kwa heshima ya Chanceline, mpaka ikafa ganzi. Ndipo nikaunganisha.

Arobaini na nne! Laini hii haijawahi kukimbia hivi tangu miti yake isimikwe. Programu inaingia.

Mbele ni kimya. Mzee amechelewa. Wafanyabiashara hawana nidhamu ya saa.

Baadaye. Hujuma! Programu ilikuwa imebakiza kipande cha mwisho, mtu mmoja huko mbele akainua simu eti aone kama iko nzima. Kila kitu kikayeyuka. Nikasikia shangazi akipiga yowe: "Yesu wangu! Humu ndani kuna mutu ananyongwa!" Nimegonga ukuta, nikadai nidhamu. Mama Kulthumu ameifunika simu kwa kanga, na hakuna tena anayethubutu kuisogelea. Vizuri. Nimeanza upya.

Baadaye tena. Mzee Bahizire hajapiga hata mara moja. Angepiga, modemu ingempisha. Namhurumia Chanceline kwa kuwa na ndugu mzembe kiasi hiki.

Jioni. Imekamilika! Mlango niliukuta wazi, nikatoka na mikono juu kuupokea umma. Hakukuwa na umma. Chupa tupu, na Nasser akikunja vitenge. "Profeseri," akasema, "wamehamia kwa Bienfait. Muzee anapiga huku tangu mchana, anasikia tu tii, tii, tii. Basi amepiga kule."

Jumatatu, 11 Juni.

Chanceline amenieleza yote akiwa amesimama, na kikapu hakukiweka chini. Mzee Bahizire alikuwa na neno "ndiyo" mdomoni. Akalimeza. Aliuambia ukoo: "Kijana gani simu yake iko okipe siku nzima? Iko anaongea na nani? Huyo iko na mwanamuke mwingine!" Chanceline aliinyakua simu kutoka kwa mama yake, jambo ambalo mabinti wa kwao hawafanyi, akaapa kwamba sina mwanamke mwingine, nina mashine tu. Mzee akasema afadhali angekuwa mwanamke.

Akauliza pia ni nani yule kijana mwenye adabu aliyeipokea simu mara ya kwanza tu ilipolia.

Machozi ya Chanceline yalimlainisha kidogo. Mzee atapiga tena Jumapili ijayo, mara moja, kwa Bienfait, kwa kuwa simu ya Nasser haiamini tena. Akiipata laini, atasema neno lake juu yangu. Akiikosa, ataichukua posa ya Bienfait, na mambo yamekwisha. Mimi nitafungiwa stoo kama kawaida. Chanceline ameniuliza, kidole kikiwa karibu na jicho langu, kama nimeelewa. Nimemjibu kwamba nimeelewa kwa kina.

Jumanne, 12 Juni.

Nimekesha nikichambua. Kosa lilikuwa wapi? Si katika kuunganisha. Kosa lilikuwa uchache! Laini moja ni kijito. Nani aliwahi kuendesha mapinduzi kwa kijito? Nimesoma kwamba zipo njia mpya: modemu mbili, laini mbili, zinafungwa pamoja kuwa mto mmoja. Hamsini na sita ya mpya, thelathini na tatu ya zamani: themanini na tisa! Kwa kasi hiyo nitamaliza kila kitu kabla Mzee hajatoka kanisani. Na akiwahi, modemu, ambayo sasa imenolewa, itampisha.

Nilihitaji laini ya pili. Iliyo karibu ni moja tu, ng'ambo ya ukuta. Nilikwenda na hotuba ya kurasa nne. Haikuhitajika! Bienfait alisikiliza sentensi mbili, akauliza siku gani, nikasema Jumapili, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Injenyeri, amesema, kwa maendeleo ya Rumonge, laini yangu ni yako, tangu asubuhi mpaka usiku. Ngazi ameishika mwenyewe nilipokuwa nikivusha waya. Nilimdhania vibaya. Elimu humlainisha hata muuza mawese.

Chanceline sijamwambia. Nataka furaha yote aipate Jumapili.