Swali la Nne Nililolipata kwa Mdomo

Jumamosi, 8 Machi

Shindano la kuandika programu za kompyuta mtandaoni limeisha. Nimepata swali moja tu, lile ambalo hata mbuzi angepata. La nne limenitoa jasho: lori linatoka mji mmoja hadi mwingine, barabara nyingine zimefungwa, tafuta njia fupi kuliko zote. Nimetuma jibu. Nyekundu, yaani kosa. Nikatuma tena. Nyekundu! Kompyuta inayosahihisha haina huruma, wala haisemi kosa liko wapi.

Kisha kwenye grupu la klabu yetu ya Voi, Wakesho akauliza kama kuna aliyepata la nne. Wakesho wa Mbololo! Mwalimu wa chekechea, anayecheka kwa mabega! Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: Mimi. Akasema basi nimweleze Jumatano, tukikutana kujadili maswali. Nimeruka hadi Mama akauliza kama ni nyoka.

Jumapili, 9 Machi

Mpango: Zubair. Ndiye aliyelipata la nne kwa kweli. Pia ana ndevu nzuri, na Wakesho hucheka mizaha yake, lakini hayo nimeyasamehe kwa muda. Kutoka kanisani nimekwenda moja kwa moja dukani kwa baba yake, na chai ya thermosi na mahamri moto ya kumlainisha. Akanitazama kwa upole. Ramadhani! Nimeyala mwenyewe nyuma ya duka, kwa aibu. Hata hivyo amenitumia jibu lake, bila kuuliza ni la nini. Kijana mwema. Inauma sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nakariri jibu la Zubair kama shairi. Sielewi hata mstari. Kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu nimefungua simu ya mama mmoja wa Maungu, nikaifunga, skrubu ikabaki nje. Akauliza hiyo je. Nimemwambia ni ya ziada.

Jumatano, 12 Machi

Msiba! Nimesimama mbele ya wote ukumbini, nimetiririka. Wakesho akauliza kwa nini nimeanzia mwisho wa safari badala ya mwanzo. Nikasema ni desturi. Watu wakatazama viatu vyao. Zubair, Mungu amlipe, akasema Alasiri imeingia, tupumzike kidogo.

Wakesho akanifuata nje.

"Maundu, matokeo niliyaona Jumamosi hiyohiyo. Si yako wazi kwa kila mtu?"

Ardhi ya Voi ni kavu mno. Haimmezi mtu hata akiiomba.

"Sasa mbona ukataka nikueleze?"

Akasema kando ya jina langu aliona nyekundu zimepangana kama shanga. Yeye alikosea mara moja, akafunga kompyuta, akalia, akaamua kuacha klabu. Halafu alipoifungua tena akakuta kuna mtu bado anatuma. Anakataliwa, anatuma. Alitaka kumsikia huyo, si Zubair akitokea kinywani mwangu.

"Nionyeshe lako," akasema. "Lile lililokataa."

Tukakaa kwenye ngazi. Akalisoma kwa kidole, polepole, kama anavyowasomea watoto wake wa chekechea. Kumbe lori langu lilikuwa likifika mji mmoja kabla ya ule wa mwisho, linazima injini! Ilikosekana alama moja tu ya "sawa na". Tukaiweka. Tukatuma. Kijani! Akapiga kelele, akanishika mkono, akasahau kuuachia. Sikumkumbusha.

Klabu haachi tena. Amesema mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemsindikiza Wakesho stendi. Njiani nikamwahidi kwamba tangu leo, nisichokijua nitasema sikijui. Akasema hilo ndilo jambo zuri zaidi nililowahi kumwambia. Nikajisikia mtu mpya.

Tulipofika, akaniambia babu yake kule Mbololo amezeeka, mizinga imejaa na hana wa kumrinia asali. Akauliza kama namjua mtu anayewaweza nyuki.

Nimesema mimi. Tangu utotoni.

Amefurahi mno! Kesho asubuhi naenda, na ukoo mzima utakuwepo kutazama. Sasa hivi natafuta mtandaoni kama nyuki anaweza kuuma kupitia sweta.