Gego Bovu na Mwaka wa Kutoboa

Jumatatu, 3 Machi
Skana imefika kliniki. Ni kijiti kinene kama mswaki, na waya wake mpaka kwenye kompyuta. Unakipitisha mdomoni, kinywa kizima kinajitokeza kwenye skrini, jino kwa jino. Penye uozo panawaka doa jekundu, hata kama jicho halioni kitu. Daktari kasema atachagua mtu mmoja wa kuisimamia. Ijumaa wafanyakazi wote tutapimwa mbele ya wenzetu, maana msimamizi hawezi kuwa na meno mabovu. Nimemshikia Daktari kioo na koleo miaka kumi na miwili. Mpinzani wangu ni mpokea wageni, tunayemwita Bi Usafi. Ana miaka miwili tu hapa, na anapiga mswaki hata baada ya chai ya saa nne. Mwaka huu natoboa.

Jumanne, 4 Machi
Wenzangu walipokwenda kula nikajipima mwenyewe. Gego la chini kulia: jekundu. Nikafuta kijiti, nikarudia. Jekundu zaidi. Upuuzi mtupu. Gego haliniumi hata kidogo, isipokuwa nikinywa kitu cha moto, cha baridi au chenye sukari. Mara mashine ikadai jina la mgonjwa, na haikubali kuzimwa bila jina. Nikasikia viatu vya Daktari kwenye korido. Nikaandika jina la Bi Usafi. Mkono uliandika wenyewe, lakini sikuukataza.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Daktari kaikuta picha, kamkalisha Bi Usafi kwenye kiti, kamchungulia kwa kioo. Meno meupe pee. Akasema basi mashine ni mbovu, Jumatatu inarudishwa ilikonunuliwa. Yaani cheo changu kinafungwa kwenye boksi! Nikaitetea mashine kwa nguvu zote. Nikasema huenda picha ni ya mtu mwingine. Daktari akaniuliza nimejuaje. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu anasema nimwambie tu Daktari anizibe jino, si nafanya kazi hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Mke wangu hajui mambo ya kazini. Nimechonga mshumaa mweupe, nimeziba shimo kwa nta. Kazi safi. Nikanywa chai. Nta ikayeyuka. Nimeziba upya, na mpaka kesho sinywi kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipimwa wa mwisho. Kwenye gego likatokea bonge lisilo na rangi, hata mashine haikujua iliite nini. Daktari akaichokoa nta, akaiweka kwenye karatasi wote waione. Kisha akaweka picha yangu kando ya ile ya Jumanne. Zote mbili zina pengo juu kushoto. Akasema jino lile aliling'oa yeye mwenyewe, na kwamba yeye husahau sura za watu, lakini vinywa hasahau. Bi Usafi akauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kinywa changu kilihamia kwake lini.

Mashine inabaki. Msimamizi ni Bi Usafi. Nilitaka kupinga, lakini nilishachomwa ganzi ya kuzibwa jino, yakatoka mate tu. Daktari akasema ningechelewa mwezi mmoja gego lingeng'olewa. Kwa hiyo wiki hii Bi Usafi katoboa, na mimi nimetobolewa. Imeniuma, tena siyo jinoni tu.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna doa la pili, juu kulia. Daktari anataka Jumanne nipimwe tena, na atakayepima ni Bi Usafi. Furaha hiyo simpi. Nimeshapanga kila kitu. Jumatatu, wakati wa kula, nitamwingiza shemeji kwa mlango wa nyuma, nimpime, kisha picha yake niipe jina langu, ionekane nimeshapimwa. Shemeji ana meno thelathini na mawili, yote mazima. Mimi ninayo thelathini na moja. Nani atahesabu?