Karantini ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Juni 2007
Kompyuta ya kikundi cha wafuga nyuki iko sebuleni kwangu, maana mimi ndiye katibu. Mgeni wa Kijerumani alituachia. Inaendeshwa na programu iitwayo Linux, si ile waliyo nayo watu wa mjini. Leo nimegundua mahali pa madoido: ukitia tiki, madirisha yanatikisika kama maziwa ya mgando. Nimetia tiki zote. Uzuri umedumu muda wa kukoroga chai. Kisha kioo cheupe. Nimezima, nimewasha. Inauliza neno la siri, nalitia, inapepesa, inauliza tena. Mara kumi na moja! Kwa adabu ileile.

Ombi letu la mizinga ya kisasa limo humo. Kikao ni Jumamosi. Nisipolifungua mbele ya wanachama, kompyuta inahamia kwa Evarista, mweka hazina, aliyesoma kompyuta wiki mbili Arusha na hajanyamaza tangu arudi.

Jumanne, 5 Juni
Nimekwenda Karatu mjini kwa Dennis wa intaneti. Nimesema nina rafiki, mjinga kidogo, kaharibu kompyuta. Dennis kanitazama sana. Kasema rafiki abonyeze Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja, kitakuja kioo cheusi cha maandishi matupu, aandike mstari mmoja wa kuweka kando mipangilio ya madoido, kisha awashe upya. Kaniandikia kwenye karatasi. Kasisitiza rafiki asiongeze chake. Nimemjibu rafiki hana tabia hiyo.

Jumatano, 6 Juni
Kioo cheusi kimekuja. Mstari wa Dennis wote herufi ndogo, kama barua ya mtoto kwa shangazi. Jambo rasmi huandikwa herufi kubwa. Nimeandika kubwa, nikamalizia WAKO MTIIFU. Kompyuta imesema amri hiyo haiijui. Nimeongeza muhuri wa kikundi, kwenye kioo. Bado.

Evarista kabisha hodi, anataka kuliona ombi. Nimeziba mlango kwa mwili wote. Nimemwambia mashine imetoka ng'ambo, kama fahali wa kisasa, hivyo iko karantini siku ishirini na moja. Kacheka. Lakini kaondoka!

Alhamisi, 7 Juni
Parmuat kaja, kasikia habari ya karantini. Ana ng'ombe kule Endulen na mizinga hapa Ganako, na karantini kwake si mzaha. Kauliza nani katia saini. Nimekohoa. Kasema nimefanya vyema, kaapa hakuna atakayeisogelea. Mwanachama wa maana sana huyu.

Ijumaa, 8 Juni
Mwanachama wa hovyo sana huyu. Kamwarifu Hilary, bwana mifugo.

Jumamosi, 9 Juni
Kikao uani kwangu. Hilary kafika na daftari, kaandika tarehe, kijiji na jina langu, ndipo akauliza mnyama yuko wapi. Nimemwonyesha. Kaizunguka kompyuta mara mbili, kalamu mkononi.

Evarista kaingia ndani bila hodi. Kabonyeza, kaandika kwa herufi ndogo, kawasha upya. Picha zote zimerudi, na ombi pia. Kalisoma mbele ya wote. Kisha kauliza taratibu:

"Mzee, nani alitia tiki kwenye madoido?"

Nimesema ilikuja hivyo kutoka Ujerumani.

Wakapiga kura. Mikono kumi na minne: ihamie kwa Evarista. Hapo Parmuat kasimama.

"Karantini ikishatangazwa, kitu hakihami. Hata kikiwa kizima."

Wote wakamgeukia Hilary. Hilary hapendi kufuta kwenye daftari la serikali. Kaandika: hakuna kuhamisha hadi tarehe 27. Wala kugusa. Evarista kaninyooshea kidole hadi kufika barabarani.

Kompyuta imebaki kwangu. Ushindi!

Jumapili, 10 Juni
Sikugusa kitu hadi baada ya misa. Kuna ukurasa mwingine wa madoido, Evarista hakuuona. Kioo chote kinageuka kama boksi linalozunguka. Kuna onyo kwamba huenda mfumo ukaharibika. Huenda. Hawana hakika hata wenyewe. Nimetia tiki.

Cheupe.

Nimevaa koti. Nakwenda kwa Hilary kabla hajala, nimwambie dalili zimerudi, aongeze siku ishirini na moja.