Miwani Arobaini Ndani ya Nailoni

Jumatatu, 3 Machi

Miaka ishirini na sita nimeshika ufunguo wa stoo ya kiwanda hiki cha mbao. Sijapoteza hata glavu moja! Kabatini nina miwani ya kinga arobaini, kila moja ndani ya nailoni yake. Meneja mwenyewe aliwahi kusema stoo yangu inang'aa kuliko sebule yake.

Utaratibu wangu hauna dosari. Mkaguzi akija, nagawa. Watu wanavaa, wanasaini, mkaguzi anapita, anakunywa soda, anaondoka. Nakusanya, nahesabu, nafuta, narudisha kwenye nailoni. Ndiyo maana vitu vyangu vinadumu.

Leo tumeletewa afisa wa usalama kazini. Binti! Umri wa mjukuu wangu wa kwanza, filimbi shingoni kama refa. Nimembatiza Filimbi. Kaniamkia vizuri, shikamoo babu, nikadhani tutaelewana. Kisha kauliza kwa nini miwani imelala kabatini wakati macho ya watu yako nje. Nikamwambia ni ya mkaguzi. Akauliza huyo mkaguzi ana macho mangapi. Hana adabu kabisa.

Jambo baya zaidi: mkaguzi anakuja Ijumaa. Meneja kasema mambo yakienda sawa mkataba wangu unaongezwa mwaka. Yakiharibika, nikapumzike nyumbani. Nipumzike na nani? Mke wangu hajui kupumzika, na hapendi kumwona anayejua.

Jumanne, 4 Machi

Filimbi kaja kuomba ufunguo wa kabati. Nikamwambia umepotea. Ulikuwa shingoni mwangu, chini ya shati, unanichoma ubaridi muda wote ninaapa. Akasema basi kesho analeta fundi akate kufuli. Kufuli langu! Limenizidi ukimya na uaminifu.

Saa nne akaja Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwendesha msumeno mkubwa. Mtu wa mzaha, kila siku ananiita Waziri wa Makabati. Safari hii hakuleta mzaha. Akasema mbao za wiki hii zina mafundo, msumeno unatema vipande kama mtu anayetema mbegu za chungwa. Akaomba miwani moja tu, kimyakimya, kifamilia.

Nikakataa. Nikimpa yeye, wengine watasema napendelea ukoo. Nikamshauri afumbe jicho lisilo na kazi. Akacheka mpaka akakohoa vumbi la mbao. Akaniuliza lisilo na kazi ni lipi, la kulia au la kushoto. Nikamwambia achague mwenyewe.

Nilijiona mjanja sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahi kiwandani kabla ya jogoo kumaliza usingizi. Nimepakia katoni ya miwani kwenye baiskeli, nikafunika kwa gunia, nikarudi nayo nyumbani, nikaisukuma chini ya kitanda. Mgongo umelia, lakini akili imecheka!

Saa tatu fundi kakata kufuli. Kabati wazi, rafu tupu. Filimbi kapuliza filimbi yake, sijui alitaka panya wasimame. Nikasema huenda ni panya kweli. Meneja akauliza panya gani wanaovaa miwani. Nikajibu panya wa siku hizi huwezi kuwajua. Watu walicheka, na Filimbi akaniangalia bila kucheka. Sikupenda jicho lile.

Jioni nimemkuta mke wangu jikoni anakatakata vitunguu, amevaa miwani yangu! Nailoni kaitupa. Kasema miaka thelathini na tisa amelia juu ya sufuria, leo ndiyo mara ya kwanza anaona anachokikata. Kisha akauliza, kama vile anauliza chumvi, kama mdogo wake naye anayo.

Nikasema chakula kinaungua. Kilikuwa hakijainjikwa.

Alhamisi, 6 Machi

Fundo la mbao limeruka. Limempiga Shemeji jicho la kushoto.

Sauti niliisikia nikiwa stoo. Si kelele, ni kama mtu aliyeitwa akaitikia. Nimemkuta amekaa kwenye vumbi la mbao, mkono usoni, damu inapita katikati ya vidole. Filimbi kafika kabla yangu. Kazima msumeno, kafunika jicho kwa kikombe cha karatasi ili lisiguswe, kampeleka hospitali. Hakupuliza filimbi. Ningefurahi angepuliza.

Daktari kasema bandeji inafunguliwa Jumamosi, ndipo watajua.

Langoni kuna ubao wa siku zisizo na ajali. Mwenye chaki ni mimi. Asubuhi nilikuwa nimeandika 212, na ajali imetokea baada ya chai. Kwa hiyo siku ilikuwa imeshaandikwa. Sijafuta. Ningefutaje kitu kilichoandikwa kihalali?

 Nyumbani mke wangu ameweka sahani yangu mezani, tupu. Juu yake miwani moja, inanuka vitunguu.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri nimerudisha katoni. Nikamwambia Meneja nimeikuta nyuma ya madumu ya rangi. Hakuuliza kitu, alikuwa anakagua saa yake. Nimegawa moja moja kwa saini. Zimetoka thelathini na tisa. Mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hesabu yangu kupungua, na hakuna aliyenipa pole.

Mkaguzi kafika saa tano. Watu wamesimama kama wanapigwa picha ya pasipoti. Kafika kwa mpiga randa, ambaye alikuwa na karatasi ya duka bado imebandikwa kwenye kioo cha kushoto. Kamuuliza anaonaje. Yule mjinga akajibu vizuri tu mzee, ila upande mmoja kuna bei.

Nikaharakisha kutaja soda. Mkaguzi akakataa soda! Ndipo Filimbi akamshika mkono, akampeleka kwenye msumeno mkubwa, akamwonyesha vumbi la mbao lenye doa. Mkaguzi akauliza mwendeshaji yuko wapi. Nikasema likizo. Filimbi akasema hospitali. Kisha akanigeukia na kusema taratibu, babu, ufunguo huo shingoni unaonekana.

Kifungo cha shati kilikuwa kimekatika. Miaka ishirini na sita, nikaja kuangushwa na kifungo!

Jioni Meneja kaniondoa stoo. Hakunifukuza, eti kwa heshima ya mvi. Kuanzia Jumatatu niko langoni, nainua na kushusha kizuizi cha malori. Nimemvulia Filimbi ufunguo. Ulikuwa bado na joto langu.

Jumamosi, 8 Machi

Bandeji imefunguliwa. Shemeji akawekwa mbele ya dirisha. Jicho la kushoto linaona mwanga, basi. Daktari akainua vidole, Shemeji akasema anaona kama moshi unampungia.

Mke wangu akatoka nje ya chumba. Nikabaki mimi, nimeshika kofia. Shemeji akanigeuzia uso wote mzima, kama wanavyofanya kuku, akasema Waziri, ushauri wako nimeufuata. Nimefumba lile lisilo na kazi.

Akacheka. Nikacheka naye, nikaona ndiyo adabu. Kisha akaacha kucheka, mimi nikachelewa kuacha.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza langoni. Ubao unasema 4. Hesabu kaipiga Filimbi, na chaki anayo yeye.

Kaja mwenyewe na mzigo wangu: viatu vigumu vya ngozi na kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa. Kanisainisha. Kasema babu vaa sasa hivi, malori yanarudi kinyumenyume na vumbi ni jingi. Nikamwitikia vizuri. Aliondoka ananigeukia kila hatua tatu.

Nimekikunjua kile kizibao. Kitambaa kizuri ajabu! Mshono wa mara mbili, mistari kama fedha. Hapa langoni kingechakaa kwa wiki moja. Nimekikunja kwenye mikunjo yake ileile, nikakirudisha kwenye nailoni, nikakifungia kwenye droo ya kibanda. Mkaguzi akirudi, ataniona nang'aa.

Saa sita lori la magogo limerudi nyuma, likanikosa kwa shibiri moja. Kofia yangu iko chini ya tairi mpaka sasa. Dereva akashuka, akaniapia kwamba hakuniona.

Hakuniona! Na macho anayo yote mawili, mpumbavu yule.