Donge la Udongo na Mgongo Wangu

Jumamosi, 4 Bauna.
Mgongo unauma. Ni Bauna, mwezi wa joto, mto umeshuka hadi unatia aibu, na mimi ndiye wa chini kabisa, ukingoni, mahali alipovutia maji baba yangu. Shadufu langu ni lile lile lake: mti mrefu umelala juu ya nguzo mbili za udongo, ncha hii kamba na ndoo ya ngozi, ncha ile donge la udongo la kusaidia kuinua. Kusaidia! Linasaidia kama shemeji aliyekuja kula. Namwaga maji kwenye kidimbwi. Shahat, mtoto wa marehemu kaka yangu, anachota hapo kwa shadufu lake na kuyapandisha hadi mashambani. Nikipumzika, mtama wake unakauka. Na wangu pia, lakini wake ndio unaopigiwa kelele.

Leo nimepata wazo. Ikiwa donge dogo linasaidia kidogo, donge kubwa litafanya kazi yote, nami ninywe chai. Nilikaa chuoni miaka miwili, hesabu hainishindi. Nimekanda udongo na makapi, nimebandika hadi donge likawa kama kichwa cha fahali.

Jumapili, 5 Bauna.
Donge limekauka vizuri. Ndoo haishuki! Imekaa angani kama mwezi. Nimevuta kamba. Nimeining'inia kwa mwili mzima, na mimi si mtu mdogo: mwaka wa mafuriko nilivuka mto na ng'ombe mwenye mimba mabegani, mkate mkononi. Mti ukanipandisha. Miguu hewani. Shahat akaniita kwa adabu zake zote: "Ami, shuka, huo mtende hauna tende." Wanawake waliokuwa wakifua walicheka hadi nguo ya mmoja ikaenda na maji.

Nimemwambia Shahat nilikuwa napima kamba.

Jumatatu, 6 Bauna.
Kulibomoa donge ni kukubali kosa. Badala yake nimeusukuma mti wote mbele, kuelekea mtoni, donge likabaki limekumbatiana na nguzo. Ndoo ikashuka yenyewe, raha tupu. Ikajaa. Ikagoma kupanda. Nimevuta mpaka nikaona nyota mchana. Shahat akauliza kama donge limelala, aliletee mto wa kichwa.

Mke wangu Zannuba alikuja na mkate na jibini. Akatazama kidogo tu. Akasema donge likikaa karibu na nguzo halina nguvu, likikaa mbali linazo; niurudishe mti mahali pake na kulibandua donge hadi libaki lile la zamani. Nikamwambia nilikuwa najua, nilitaka kuona kama yeye anajua.

Sikuurudisha.

Jumatano, 8 Bauna.
Kidimbwi kikavu. Shahat hatanii tena, na hilo ndilo linalonichosha. Majani ya mtama wake yamejikunja. Amekwenda kwa umda, mkuu wetu wa kijiji. Umda amekuja na fimbo yake. Amesema Ijumaa baada ya swala atapita hapa, na akikuta kidimbwi hakina maji, mahali hapa ukingoni patakwenda kwa mtu mwingine. Mahali pa baba yangu! Nikamwambia umda alale salama, tayari nina mpango.

Mpango: nitapanda juu ya mti wenyewe. Nikitembea kuelekea ndoo, ndoo inashuka. Nikirudi kuelekea donge, inapanda. Mgongo haufanyi kitu, miguu tu. Ila nguzo zangu ni fupi kuliko za Shahat, na sipendi. Nimeziongeza. Udongo wa karibu uliisha, kwenda mbali sikutaka, nikakwangua nguzo zenyewe chini na kubandika juu. Sasa zimempita. Nyembamba chini, nene juu, kama mwenye nguzo.

Alhamisi, 9 Bauna.
Zannuba alikubali kushika ndoo. Ndoo ya kwanza: ajabu! Ya pili: nilimpungia Shahat mkono. Ya tatu nikayumba kushoto kidogo tu. Nguzo zikayumba nami, kisha hazikurudi. Mti, donge na mimi, sote topeni.

Zannuba alikuja mbio. Akauliza kama mti umevunjika.

Nimelala mchana kutwa. Sikuweza hata kugombana.

Ijumaa, 10 Bauna.
Umda alitoka msikitini akashuka moja kwa moja ukingoni. Nikamfuata nikichechemea, nikitunga la kusema. Nikakuta nguzo mpya: fupi, nene miguuni, zimekaa kama mabibi wawili harusini. Donge dogo, mbali kwenye ncha. Kidimbwi kimejaa hadi kinamwagika. Zannuba na Shahat walikuwa wakijenga tangu jana nilipolala.

Umda akauliza kazi hii ni ya nani. Nikafungua mdomo. Shahat akaniwahi: "Ya mama Zannuba, umda. Ami alitusaidia kwa kulala."

Umda akaamua. Mahali pamebaki nyumbani kwetu, lakini pa Zannuba. Mimi nisiuguse mti. Nitashika jembe, nifungue mifereji maji yapite kwenye mtama, wa kwangu na wa Shahat. Zannuba anavuta huku akiimba, kana kwamba ndoo ina manyoya. Usiku hakunicheka. Alinipa mkate ulio mkubwa. Bora angecheka.

Jumamosi, 11 Bauna.
Mgongo unauma upya, safari hii ni jembe. Nimejilaza mferejini, nimefikiri. Kosa la watu wote, tangu enzi za mafarao, ni donge lenyewe. Udongo mfu! Unapanda na kushuka siku nzima, haubebi hata tone. Litolewe. Hapo pawekwe ndoo ya pili. Mti mmoja, ndoo mbili, zipande zote kwa pamoja!

Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili. Au sishangai, hawakukaa chuoni.

Kesho Zannuba anakwenda kwa dada yake. Ndoo ya pili nimeshaificha chini ya makapi.